Ripoti ya Mkaguzi Isiishie Kabatini: Barua ya Wazi kwa Wamiliki wa Kliniki Binafsi

Kwa wamiliki, wakurugenzi na waganga wafawidhi wa zahanati, kliniki na polikliniki binafsi nchini Tanzania

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni kuingia kwenye mitandao ya watu kwa idhini yao. Mwenye ofisi hunipa kibali cha maandishi, nami hutafuta kila njia ambayo mwizi angeitumia kufika kwenye kompyuta zake, kisha namwandikia niliyoyakuta na namna ya kuyaziba. Nimeifanya kazi hii kwenye ofisi za fedha, kwenye shule na kwenye maduka ya jumla. Vituo vya tiba ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Benki ikiibiwa, mteja anaweza kurudishiwa hela zake. Siri ya ugonjwa wa mtu ikishatoka haina wa kuirudisha, na kwa namna tunavyoishi mitaani kwetu, haichukui siku nyingi kumfikia mwajiri, mwenye nyumba na wakwe.

Nawaomba mruhusu mitandao yenu ijaribiwe na mtu mnayemwamini. Lakini kabla hamjamwita, tengeni fedha za kurekebisha atakayoyakuta, na mtajeni atakayesimamia marekebisho hayo. Fedha za marekebisho ziwepo kabla ya fedha za ukaguzi. Najua nasema jambo linalopunguza kazi yangu mwenyewe, maana wapo watakaoahirisha kuniita. Bado nalisema, kwa sababu nimeona ripoti nyingi zikilala, na kwa sababu yaliyotokea kwingine yanaonyesha ripoti iliyolala huishia wapi.

Mwaka 2018, nchini Singapore, wadukuzi waliingia kwenye hifadhidata ya SingHealth, kundi kubwa kuliko yote la hospitali za umma nchini humo, wakaondoka na taarifa za wagonjwa milioni 1.5. Wagonjwa wapatao 160,000 kati yao walichukuliwa pia kumbukumbu za dawa walizopewa, akiwemo Waziri Mkuu wa wakati huo, Lee Hsien Loong. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ya Januari 2019 ina jambo linaloniuma kila nikilisoma. Mwanzoni mwa 2017, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya wizi, mtandao ule ulikuwa umeshajaribiwa. Wakaguzi walikuta nywila dhaifu, na wakakuta nywila za wasimamizi wa mfumo zimeachwa kwenye folda za pamoja. Waliyaandika hayo, wakayakabidhi. Kampuni iliyoendesha mfumo ikayashughulikia ovyo, na wadukuzi walipofika baadhi ya matundu yale yale yalikuwa bado wazi. Akaunti mojawapo ya msimamizi ilikuwa na nywila P@ssw0rd, ambayo ni kati ya zile ambazo kila mdukuzi duniani huzijaribu mwanzo kabisa. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya huko iliitoza kampuni hiyo faini ya dola za Singapore 750,000, na SingHealth 250,000.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo hiyo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga kazi za angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma za afya za umma katika England, pamoja na kliniki 595 za madaktari wa familia. Wagonjwa walirudishwa makwao, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Dawa ya tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia, Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi, miezi miwili kabla. Na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipochunguza ilikuta kwamba kabla ya siku ile taasisi 88 zilikuwa zimeshakaguliwa usalama wa mitandao yao, na hakuna hata moja iliyofaulu. Waliozikagua hawakuwa na mamlaka ya kuzilazimisha zirekebishe.

Nyinyi ni matabibu, mnamjua vizuri mgonjwa wa namna hii: amepimwa, amepewa majibu, ameyakunja na kuyatia mfukoni, na dirisha la dawa hakulisogelea. Tena ripoti ya ukaguzi isiyofanyiwa kazi ina hatari ya ziada, kwa kuwa ni ramani kamili ya udhaifu wenu iliyokaa kwenye barua pepe za watu kadhaa. Atakayeiiba hatakuwa na haja ya kutafuta mlango.

Jibu ninalolisikia mara nyingi kutoka kwenu ni kwamba kituo ni kidogo, kina vyumba vinne na daktari wa zamu mmoja, mdukuzi atakitakia nini. Naliheshimu swali hili kwa kuwa linatoka kwa watu wanaobana matumizi ili kodi ilipwe na dawa zisikosekane. Lakini msingi wake si sahihi. Mdukuzi wa leo hachagui kwa kutazama bango la barabarani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, ambayo kwa kompyuta moja tu yenye mtandao wa kasi iliweza kubisha hodi kwenye anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 kwa chini ya dakika 45. Wanaotafuta mawindo hutumia zana za aina hiyo usiku na mchana. Ruta yenu ikiwa na mlango wazi itaonekana, na mwenye kuiona hatajua kwanza kama nyuma yake kuna benki au kuna chumba cha kliniki ya wajawazito. WannaCry nacho hakikuwa kimeilenga hospitali yoyote. Kilikuwa kinasambaa chenyewe, kikaingia kila palipokuwa wazi.

Na akishajua kuwa nyuma ya mlango kuna wagonjwa, ndipo bei inapopanda. Nchini Finland palikuwa na kampuni ya vituo vya ushauri wa kisaikolojia, Vastaamo. Hifadhidata yake iliachwa ikifikika kutoka intaneti bila ulinzi wa maana. Oktoba 2020 ikajulikana kwamba maandishi ya mazungumzo ya faragha ya wagonjwa wapatao 33,000 yameibiwa. Mwizi alidai kwanza bitcoin 40 kutoka kwa kampuni. Alipokosa, akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akimtaka kila mtu euro 200 la sivyo aliyomwambia mshauri wake yatawekwa hadharani. Jaribuni kuufikiria ujumbe huo ukiingia kwenye simu ya mama anayekunywa dawa za kufubaza VVU na hajamwambia mtu nyumbani. Atalipa. Ataazima, atauza kitu, atalipa tena. Mwaka 2021 Vastaamo ilifilisika, na waliosomewa siri zao wakabaki na maisha yao.

Sasa nije nyumbani.

Mwenye polikliniki moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo siitaji, alinisainia kibali, tukakubaliana nianzie pale anapoanzia mgonjwa. Nikakaa kwenye benchi la mapokezi na kompyuta mapajani. Nywila ya waifai ya wageni ilikuwa imebandikwa ukutani, kando ya orodha ya bei za vipimo. Nilipojiunga, ruta ikanipa anwani kwenye mtandao ule ule unaotumiwa na mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Programu ya Nmap, ambayo tangu 1997 mtu yeyote anaipata bure, ikanionyesha kompyuta zote zilizowashwa na milango iliyo wazi katika kila moja. Kompyuta ya maabara ilikuwa na folda ya pamoja isiyodai nywila. Jina la folda lilikuwa MAJIBU. Ndani yake mafaili yalipangwa kwa tarehe, na kila faili lilibeba jina la mgonjwa na jina la kipimo, kabla hata hujalifungua. Sikulifungua hata moja. Nilipiga picha ya skrini, nikafunika majina, nikaihifadhi kama ushahidi. Karibu nami alikaa mama na mtoto mwenye homa, wanasubiri majibu ya maabara, na inawezekana jina la mtoto huyo lilikuwa tayari mbele yangu.

Nikaendelea kwa kibali kile kile. Kwenye kompyuta hiyo, katika folda nyingine, kulikuwa na faili la maandishi ambalo fundi aliyefunga mfumo alilisahau. Ndani yake mlikuwa na nywila ya hifadhidata ya wagonjwa wote, tangu kituo kianze kutumia kompyuta.

Makosa hayo, moja moja, hakuna linalotisha. Waifai ya wageni ni ukarimu, folda ya pamoja inarahisisha kazi ya maabara, na faili la fundi ni usahaulifu wa binadamu. Programu ya kuskani ingeyaorodhesha kwenye kurasa tofauti, pengine yote kwa alama ya hatari ya wastani. Mtu mwenye kujaribu kuingia ndiye anayeona kwamba yakishikana yanamtoa mgeni kwenye benchi la mapokezi hadi kwenye kumbukumbu zote za kituo. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia ripoti nene iliyochapwa na programu, muulizeni swali moja: ulianzia wapi, na ulifika wapi? Asipoweza kuwaeleza njia hiyo kwa Kiswahili mkaielewa, hakuwajaribu. Amewachapishia.

Kuna jambo lingine ambalo programu haiwezi kuliona. Katika vituo vingi nakuta wahudumu wote wa mapokezi wanaingia kwenye mfumo kwa akaunti moja, na nywila imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Kanuni inasema hilo ni kosa, na ni kosa kweli, kwa sababu siku taarifa ikivuja hamtajua nani aliifungua. Lakini nimekaa na hao wahudumu asubuhi wakibadilishana zamu. Foleni imefika mlangoni, wazee wamesimama, kompyuta ni ya zamani na kutoka kwenye akaunti na kuingia upya kunachukua dakika ambazo hawana. Nani asingeacha akaunti wazi? Msimkaripie dada wa mapokezi. Mwongezeeni memori kwenye ile mashine au mnunulieni nyingine, kisha kila mmoja apewe akaunti yake, na mtashangaa kanuni inavyofuatwa bila kelele. Ripoti nzuri ya ukaguzi iseme hivyo waziwazi. Ikiishia kuandika kwamba wafanyakazi hawana nidhamu, irudisheni.

Niseme pia juu ya hofu yenu moja ambayo ni ya haki kabisa: kwamba mkaguzi atavuruga kazi. Anaweza. Mashine nyingi za altrasaundi na za kupimia damu zinaendeshwa na Windows za zamani ambazo mtengenezaji haruhusu ziguswe, na skani ya nguvu inaweza kuzigandisha katikati ya kipimo. Mkaguzi anayejua hospitali haanzi na hizo. Anafanya kazi yake usiku au Jumapili, nakala rudufu zikiwa zimeshachukuliwa na zimejaribiwa kama zinafunguka, na mganga wa zamu ana namba ya simu ya kumsimamisha papo hapo. Mashine zenyewe dawa yake si kuzishambulia. Ni kuzitenga kwenye kipande chao cha mtandao ambako kompyuta ya mapokezi haifiki wala intaneti haifiki. Mwaka 2019 kampuni ya Greenbone ya Ujerumani ilikagua mifumo kama 2,300 ya kuhifadhi picha za eksirei na skani duniani, ikakuta 590 inafikika kutoka intaneti bila kizuizi, ikiwa na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 24. Hakuna aliyekuwa amevunja kitu. Picha zilikuwa zimeachwa wazi, kwa sababu mifumo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya ndani, halafu mtu akachomeka kebo.

Kibali kiandikwe, tena kiandikwe vizuri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na nia njema peke yake haimwokoi mtu. Msimwambie kijana anayejua kompyuta, mpwa wa mhasibu, ajaribu jaribu aone. Karatasi itaje anwani zinazoruhusiwa, tarehe na saa, vitu visivyoguswa, na nani apigiwe simu mambo yakiharibika. Itamke kwamba mkaguzi hatapakua taarifa za mgonjwa yeyote, kwamba ushahidi utafichwa majina, na kwamba atafuta kila kitu kazi ikiisha. Ripoti yenyewe ije imefungwa kwa nywila, na nywila ipite njia nyingine. Ripoti ya namna hiyo haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la menejimenti.

Kwenye suala la kibali ndipo tunapogongana na muuzaji wa mfumo. Kwenu wengi seva si yenu. Ni ya kampuni iliyowauzia programu ya kusajili wagonjwa na kutuma madai ya bima, na mkiwaambia mnataka kuijaribu wanasema msiguse, mtaharibu dhamana. Mara nyingi kampuni hiyo hiyo imeacha njia ya kuingia kutoka mbali, iliyo wazi saa 24, ili fundi wao asipande daladala kuja kwenu. Nawasihi msikubali jibu hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa sheria hiyo kituo chenu ndicho mkusanyaji, na muuzaji anayewahifadhia ni mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yenu. Mgonjwa hakumpa muuzaji siri yake, alikupa wewe daktari. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo ilishawataka mtunze siri ya majibu ya VVU miaka mingi kabla kompyuta hazijafika dirisha la dawa. Mkataba wenu ujao na muuzaji useme kwamba mtandao utajaribiwa, na kwamba matundu yatakayoonekana upande wake atayaziba kwa gharama yake ndani ya siku mtakazokubaliana.

Mtauliza marekebisho ni kiasi gani. Ile polikliniki niliyowasimulia ilianza na yasiyo na bei. Fundi alitenganisha waifai ya wageni na mtandao wa kazi kwa mchana mmoja, kwenye ruta ile ile waliyokuwa nayo. Folda ya maabara ikafungwa, ikafunguliwa kwa watu wawili tu. Faili la nywila likafutwa, na nywila yenyewe ikabadilishwa, maana kulifuta faili bila kubadilisha nywila ni kazi bure. Kilichogharimu kilikuwa kompyuta mbili za mapokezi na diski ya nje ya nakala rudufu, inayochomolewa na kufungiwa kila jioni. Niliporudi kujaribu tena kutoka benchi lile lile, nilichokiona kilikuwa ruta peke yake. Lilibaki jambo moja: njia ya muuzaji ya kuingia kutoka mbali, ambayo ilikuwa bado wazi. Mwenye polikliniki alimwandikia muuzaji mbele yangu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kurudi huko kujaribu mara ya pili ndiko ninakotaka kuwe sehemu ya kila mkataba wa ukaguzi, kukilipiwa tangu mwanzo. Na hapa naomba niwageukie kidogo wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Wizara ya Afya, ambao barua hii itawafikia. Mkianza kuvidai vituo ushahidi wa kujaribiwa, msiombe ripoti ya kwanza. Ripoti ya kwanza inaonyesha tu kwamba kituo kilikuwa na fedha za kumlipa mtu kama mimi. Ombeni ya pili, ile inayoonyesha kilichozibwa, na mumpe muda mwenye zahanati ya kijijini ambaye mapato yake hayalingani na ya polikliniki ya mjini. Adhabu ikitangulia, vituo vitaficha matundu yao, nasi wakaguzi hatutaitwa kabisa.

Waheshimiwa, vyama vyenu hukutana. Katika kikao kijacho, kabla hamjazungumzia mkaguzi wala bei yake, kila mwenye kituo ataje jina na namba ya simu ya mtu mmoja kituoni kwake mwenye mamlaka ya kumwamuru fundi abadilishe nywila leo, kumwamuru muuzaji afunge njia yake ya mbali leo, na kusaini malipo ya ruta mpya wiki hii bila kusubiri bodi. Asiyeweza kumtaja mtu huyo amtafute kwanza, ampe barua ya madaraka yenye muhuri. Mkaguzi atakapokuja, ripoti atamkabidhi yeye mkononi.

Wenu katika kazi,

Mkaguzi wa usalama wa mitandao
Dar es Salaam